Uwanja Uliobisha Hodi kwa Haula

Haula alikuwa amechuchumaa nyuma ya nyumba anapara samaki waliotoka kisiwa cha Rongui alfajiri hiyo, magamba yamemrukia mpaka kwenye nyusi, uwanja ulipobisha hodi. Alijua ni uwanja kabla hajageuka, kwa ile harufu ya chumvi na samaki wa jana. Ulikuwa umesimama kwenye mlango wa uani na chanja zake zote za kuanikia, magoli ya watoto, na ule mstari wa mawe unaoonyesha kibla siku ya Idd. Haula hakuuliza umefuata nini. Mgeni haulizwi mlangoni.

“Karibu,” alisema, akajifuta mikono kwenye kanga. “Pita ndani. Ila pana kitanda, uangalie.”

Uwanja ukapita.

Mtaani Namalala hakuna aliyeshangaa sana. Mshangao wao waliumaliza Jumamosi, kampuni ilipouzungushia uwanja mabati marefu kuliko mtu, toka msikitini mpaka majini, ili ijenge hoteli ya wageni wanaokuja kuchimba gesi. Pale ndipo wanawake wa mtaa walipoanika samaki tangu enzi za bibi zao, ndipo Idd iliposaliwa, ndipo ngoma za harusi zilipochezwa. Haula alikuwa mjane. Hakuwa na shamba, wala mtoto huko mjini Pemba wa kumkumbuka mwisho wa mwezi. Alichokuwa nacho ni chanja mbili pale uwanjani. Samaki aliyekosa jua huoza, na samaki aliyeoza hanunuliwi na mchuuzi wa Mueda hata kwa kuonewa huruma.

Kilicholeta mabati ni picha. Mwezi uliotangulia kampuni ilimtuma Dércio, kijana mpole mwenye viatu safi, kuja kufanya consulta, yaani kuwauliza wakazi kama wanaridhia. Wakazi walizungumza mpaka makoo yakakauka. Walikataa kwa Kiswahili, wakakataa tena kwa Kireno ili yasibaki maneno. Kisha, kwa kuwa watu wa Namalala hata wakigombana hawaachani bila Fatiha, Mwalimu Alawi wa msikitini alifunga kikao kwa dua, na mtaa mzima ukainua mikono. Hapo ndipo mpiga picha wa kampuni alipoona kazi. Sasa picha hiyo ilikuwa imebandikwa kwenye mabati, pana kama ukuta wa nyumba: watu wote mikono juu, Haula mstari wa mbele amefumba macho, na chini yake maneno ya Kireno kwamba wananchi wameridhia. Haula aliipita kila alipokwenda kisimani, na kila alipoipita hasira ilimpanda mpaka masikio yakawaka.

Uwanja ulijilaza chumba cha nyuma. Kwa nje nyumba ilibaki ile ile, ya miti na udongo, vyumba viwili, mlango wa kuinamia. Aliyevuka kizingiti cha chumba kile alitokea mchangani, penye jua na upepo, na kitanda cha Haula kilikuwa kando ya goli la kaskazini. Bahari haikuja. Ilibaki ndani ya mabati, na mwenye kutaka kuosha samaki alibeba maji kwa ndoo.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu Haula aliupa uwanja ufagio, nao ukajifagia vizuri kuliko wakamwana wengi.

Wanawake walikuja na vikapu vyao, wakavua ndala mlangoni. Watoto waliambiwa wacheze mpira bila kelele, jambo ambalo halijapata kuwezekana duniani. Samaki walikauka vizuri. Lakini Haula alikula bila kusikia ladha ya chakula, na kila buti lilipopita njiani alikwenda kuurudisha mlango. Siri ya mtaa mzima ni siri gani?

Jirani yake, Zubeida, ndiye aliyemwambia ukweli. Zubeida alikimbia vita Quiterajo, akajenga kibanda cha miti na turubai ubavuni mwa nyumba ya Haula, na hajaondoka mpaka leo.

“Dada, mimi nakujua kuhama,” alisema, akigeuza samaki. “Kilichohama mara moja kitahama tena. Usikizoee.”

Ijumaa, watu walipotoka kusali, Dércio akaja na utepe wa kupimia. Mafundi walikuwa wamepima ndani ya mabati wakakuta mahali pa kutandika mkeka mmoja. Hoteli haikai mkekani.

“Hodi, mama.”

“Karibu, mwanangu. Hapo hapo panatosha.”

“Mama, tunautafuta uwanja.”

“Si mliuwekea mabati? Kayaulizeni mabati.”

Mpira ukatoka ndani, ukabingirika mpaka miguuni pake. Dércio aliutazama, akautazama mlango. Alikuwa kijana mwenye adabu: alivua viatu kabla ya kuingia. Alisimama kidogo penye jua, akavuta utepe toka goli hadi goli, kisha akatoka kwenda kupiga simu. Aliongea Kireno kwa muda mrefu. Aliporudi uso wake ulikuwa wa mtu anayeleta habari ya msiba.

“Wanasema uwanja ulisharidhiwa, mama. Popote ulipo. Na nyumba iliyouzunguka inahesabiwa pamoja nao.”

“Nyumba yangu?”

“Itafanyika consulta nyingine,” alisema Dércio. “Sheria inataka hivyo.”

Kikao kilifanyika mle mle chumbani kwa Haula, kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kuwatosha watu wote. Amisse, katibu wa mtaa, alikuwa ameshapita nyumba kwa nyumba. “Safari hii hakuna mkono kuinuka,” aliwaambia. “Hata nzi akitua puani, mwache.” Mwalimu Alawi naye alikubali, akasema dua ya moyoni hufika vile vile. Basi watu wakaketi mchangani, mikono wameikalia chini ya mapaja, na mpiga picha akasimama karibu na kitanda.

Wakazungumza, wakakataa. Haula alisema, “Hapa ndipo ninapolala, hapa ndipo ninapoanika. Mkinitoa, nikaanike wapi? Nikalale wapi?”

Dércio alisoma swali alilotumiwa kwenye simu. Alilisoma taratibu, bila kumtazama Haula.

“Anayepinga, anyooshe mkono.”

Hakuna aliyetikisika. Walikuwa wameshapatana, na watu wa Namalala wakipatana jambo hawageukani mbele ya mgeni. Amisse alimtazama Mwalimu, Mwalimu akautazama mchanga. Haula alisikia mikono yake imekufa ganzi. Aliona pale kikao kinapoelekea, na aliogopa. Akauchomoa mkono mmoja, akaunyoosha juu kabisa, mchanga ukimdondoka kiganjani.

“Mimi napinga,” alisema. “Nyumba ni yangu.”

Mpiga picha akapiga. Wengine walipoanza kuchomoa mikono yao, Dércio alikuwa ameshashukuru na kufunga kikao.

Picha mpya ilikuja pamoja na mabati mapya. Haula yuko peke yake, mkono juu, na maneno yaliyo chini yanasema mwenye nyumba ameridhia. Ilikuwa picha nzuri. Watu walimsifu kwamba safari hii hakufumba macho.

Uwanja haukungoja mabati yafungwe. Ulitoka na chanja zake, magoli yake na mawe yake ya kibla, na Haula akatoka nyuma yake na godoro kichwani. Wakasimama mbele ya turubai la Zubeida.

“Hodi,” alisema Haula, kwa niaba ya wote wawili.

“Karibuni. Piteni,” alisema Zubeida. “Ila pana watoto wamelala, muangalie.”

Mafundi nao walikuja kupima palipokuwa na nyumba ya Haula, wakakuta tena pa mkeka mmoja, wakaenda zao wakitazama huku na huku. Zubeida aliwapikia wageni wake wali na samaki, siku ya kwanza na ya pili. Siku ya tatu, asubuhi, aliweka fagio mbili mlangoni. Uwanja ulichukua wake. Haula akachukua wa pili.