Shikamoo ya Joram

Jumatano ya tarehe 24 Aprili 2024 ndiyo siku mambo yangu yalipoharibika. Mvua ilinyesha tangu asubuhi, mke wangu Robi akazidiwa na kifua, na gari la kumpeleka hospitali Mugumu likashindwa kuvuka mto. Daraja halikuwepo. Lilikuwa linaahidiwa kila mkutano wa kijiji, na aliyesimama kuahidi ni mtendaji wetu, kijana anaitwa Joram. Robi alinifia mikononi ng'ambo hii ya maji.

Tangu hapo Joram akiniamkia, sijibu.

Ninyi mnaojifunza Kiswahili labda mnaona ni jambo dogo. Binti yangu Scholastica, anayefundisha wageni lugha pale Mugumu, alinieleza asili ya salamu hii. Watu wa pwani walikuwa wanasema "nashika miguu yako". Midomo ikalipunguza mpaka likabaki shikamoo. Marahaba nayo imetoka kwa Waarabu, neno la kumkaribisha mtu, kwamba nafasi ipo, asogee. Sisi Wakurya tuna salamu zetu, ila hili tumelipokea tukalishika sana. Shida yake, jibu ni moja tu. Usipolisema, mwenzako anabaki ameinama, hana pa kwenda.

Basi mwezi uliopita Scholastica akaniambia anayetaka kumuoa ni Joram huyo huyo.

Yeye na ndugu zake walikuja Jumamosi na ng'ombe wa mahari. Kwenye boma letu ng'ombe hao hawaingii zizini kabla baba wa binti hajaitikia salamu ya mkwe. Joram akasimama pale mlangoni, kofia mkononi.

"Shikamoo, baba."

Nikatazama ng'ombe. Wazuri, siwezi kusema uongo. Akarudia. Mdogo wangu Marwa, ambaye alikuwa ameshawazunguka wale ng'ombe na kuwapapasa kama wake, akanisogelea.

"Kaka, itikia basi. Hata hao madume wamechoka kusimama."

Watu wakacheka. Mimi nikasema hawa wenye vyeo huwa na maneno laini wakiwa na shida na wewe. Joram hakukasirika. Alieleza taratibu kwamba daraja alikuwa analiomba kwa wakubwa wake, wanamwambia asubiri, na mkutanoni alisema alichotumwa kusema. Nilimwangalia usoni, nikaona hadanganyi. Lakini hao wakubwa sijawahi kuwaona mlangoni kwangu. Aliyekuja ni yeye.

Nikavuta kigoda, nikakaa. Jua likapanda, wageni wakaanza kutazamana, mwisho Marwa akawapeleka ng'ombe kwake wakanywe maji. Wako huko hadi sasa.

Scholastica alitoka ndani amejifunga kitenge cha mama yake. Hakulia wala hakunilaumu. Alinivuta pembeni, akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Baba, nikizaa naye, watoto wakija kukuamkia, utawaitikia?"