Kisima Kilichofutwa Ramanini

Saada alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi, nyumbani kwake Majengo, Mombasa, Fuad alipokifuta kisima kwenye ramani. Papo hapo Bakri, kaka yake Saada, akapigwa risasi ya shingo jikoni, akaanguka kando ya seredani ya makaa. Damu ikaingia kwenye nazi. Saada akaimwaga nazi, akachukua tambara. Jirani yake, Khamisa, akaleta ndoo ya maji bila kuombwa, maana mlio ule alishauzoea.

Bakri aliuawa Koyama, kisiwa cha Wabajuni ng'ambo ya mpaka, mwaka wa tisini na moja, wapiganaji waliposhuka kisiwani. Waliosalimika walikimbilia Kenya, na maiti hazikuonekana tena. Miaka ikapita, Wabajuni waliotawanyika duniani wakaanza kuchora kisiwa chao mtandaoni. Mmoja aliweka msikiti, mwingine akaweka njia ya pwani. Kisha mtu asiyeandika jina akaweka kisima, na chini yake maneno haya: Bakri na wenzake wamo humu. Saada alilia kwa furaha, ndiyo, furaha, kwa kuwa sasa alijua pa kumtoa kaka yake akamzike.

Lakini Fuad, msimamizi wa ramani, mtu mpole aliyekulia Uholanzi, hakutaka maneno ya asiyejulikana. Aliyekiweka alikirudisha, Fuad akakifuta; kila kilipowekwa Bakri aliingia jikoni kwa Saada, na kila kilipofutwa alikufa tena. Saada akampigia simu, wakasema Kibajuni.

"Fuad mwanangu, khitma tukisoma, kila mchu hushika juzuu yake ya Kurani. Umewahi kuuliza nani kasoma ipi?"

"Ramani si khitma, Bi Saada. Mchu na aseme kwa jina lake. Aogopa nini?"

"Aogopa kufa. Kamanda aliyewaua yu hai, na kisima kimo uani mwake."

"Aandike jina tu, nitakiacha. Wallahi."

Saada akakata simu. Upole wa namna ile unaudhi kuliko matusi.

Fuad akaliandika sharti lake chini ya ramani, kila mtu alione. Ijumaa, baada ya swala, kisima kikarudi na jina: Mbaraka Gharibu, mvuvi, Koyama. Fuad akatimiza ahadi. Akakiwekea na alama ya kijani, ya kuthibitishwa.

Kesho yake Saada alikuwa anapepeta mchele Mbaraka alipoingia, mikono imefungwa kwa kamba ya nyavu, koo limekatwa. Alitoa salamu kwa kichwa. Saada akamfungua, akamtandikia mkeka mlangoni, kwa kuwa Bakri alikuwa amekaa karibu na seredani.

Jumatatu kamanda naye akajiandikisha kwenye ramani, kwa jina lake kamili, la baba na la babu. Akakifuta kisima, akaandika: ua wa nyumba yangu, hapakuwahi kuwa na kisima. Fuad akaona jina, akaweka alama ya kijani.

Risasi ikalia jikoni, Bakri akaanguka. Mbaraka, ambaye jambo hili lilikuwa geni kwake, akafunguka koo upya na kulala kizingitini. Khamisa akaleta ndoo mbili, na Saada akaanza kupangusa upande wa mlangoni, watu wapate kupita.