Nishani Aliyoisugua Msasa

Sanduku langu la nishani za msiba wa Rais wetu wa kwanza lina vitundu ishirini na vinne. Kwa miaka arobaini na sita kimoja kilikuwa kitupu. Vibandiko vyote nimeviandika mwenyewe, kwa mwandiko niliojifunza shule ya usiku, na kile kitupu nacho kilikuwa na chake: "Iliyokosewa."

Nishani hiyo niliipiga chapa mimi. Wiki ile redio zilikuwa na nyimbo za maombolezo tu, na karakana yetu ilipewa siku nne kutoa nishani elfu kumi. Fundi mchongaji, kwa majonzi, akasahau kwamba kwenye kalibu, ile chapa ya chuma ya kupigia nishani, uso nao huchongwa kinyume kama maandishi. Nishani mia za mwanzo zikatoka na njia ya nywele upande wa kulia, na nchi nzima ilijua kwamba Marehemu alichana kushoto. Msimamizi akaamuru ziyeyushwe. Nikaziyeyusha, isipokuwa moja iliyokuwa mezani kwa rafiki yangu mng'arishaji, tuliyemwita Msasa.

"Nipe hiyo, nikupe baiskeli yangu," nilimwomba baadaye.

"Baiskeli yako haina breki, na wewe huna haya. Ingekuwa mezani kwako, si ungeiyeyusha hii!"

Alinitania hivyo mpaka mwezi uliopita, tulipomzika. Hata kunionyesha hakunionyesha.

Jana mkewe aliniita. Akanikalisha sebuleni, akafungua kitambaa.

"Shemeji, kasema hii ni yako."

Niliinyakua, nikaigeuza huku na huku. Nishani ilikuwa laini kama kokoto ya mtoni. Hapakuwa na nywele, wala pua, wala mwaka. Sisi wakusanyaji tunajua: nishani haisuguliwi!

"Nani kafanya hivi?"

"Nani tena? Kila mwaka, siku ile ile ya msiba, anakaa hapo dirishani na kitambaa chake. Namwambia, 'We mwanamume, utamfuta mzee wa watu!' Ananijibu, 'Niache, kwangu hapati kutu.'"

Tukacheka mpaka leso zikatoka.

"Naona huitaki tena," akasema, akianza kukunja kitambaa.

"Weka chini, shemeji."

Sasa imo kitunduni. Kibandiko cha zamani nimekibandua, nikaandika kipya kwa wino mweusi: "Msasa, miaka arobaini na sita." Mgeni akiniuliza huu ni uso wa nani, nitamwambia avute kiti kwanza.