Seli za Kulea

Makaburi matano yalikuwa nyuma ya nyumba, kati ya migomba, na la Clotilda lilikuwa bado halijaota nyasi. Ildefons, kaka yake, alikaa akiyapa mgongo. Mwaka huo wa 1991 yeye ndiye mwana pekee aliyebaki kwa mama yake, Ephrasia, na gari la kumtoa Muleba kwenda Bukoba kupanda meli lilikuwa njiani.

"Huko Ulaya unafanya kazi gani hasa?" mama yake aliuliza kwa Kihaya, huku akimbembeleza Kokubanza, mtoto wa Clotilda, mwenye miezi minane.

Ildefons alikuna kichwa. Kiinitete angekiitaje kwa Kihaya? "Tunatungisha mimba za tumbili ndani ya vyombo vya kioo," alisema. "Kisha tunawalea *abaana*, watoto hao, kabatini, kwenye joto la mwili, siku chache."

"Yaani nimekusomesha kwa kahawa yangu ukalee wezi wa mahindi!" Ephrasia alicheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Ildefons naye akacheka, ulimi ukamfunguka. Miaka minane katika mji wa baridi hakuwa na mtu wa kumsimulia kazi yake, na upweke ule ulikuwa umemla.

Alieleza kuwa joto na chakula peke yake havikutosha. Watoto wale wakiachwa wenyewe, wengi hugoma kukua siku ya tatu au ya nne. Lakini wakilazwa juu ya seli za mnyama mwingine, hupata nguvu. "Si mama zao, ila huwalea."

"Zenyewe hazina watoto wao?"

"Tunazitia dawa zisizaane tena. Zibaki na kazi ya kulea tu."

Ephrasia aliangalia migombani. "Halafu?"

"Mtoto akishapata nguvu, tunamhamishia tumboni mwa tumbili jike."

"Nauliza hizo zilizolea."

"Hutupwa."

"Nani huzitupa?"

"Mimi, Mama."

Ephrasia alikohoa kile kikohozi chake cha tangu masika, akamweka Kokubanza mapajani mwa mjomba wake, akachukua kisu na kwenda kukata ndizi.

Mtoto alikuwa mzito kuliko alivyodhani. Ildefons aliona aibu. Joto la kabati lake alilijua hadi sehemu ya kumi ya nyuzijoto; la huyu hakulijua, hakuwahi hata kumgusa paji la uso.

Honi ililia barabarani. Ephrasia, mgongo umepinda kati ya migomba, hakugeuka. Honi ikalia tena; Ildefons hakuinuka.

"Mama," Ildefons aliita, "huyu hunywa nini asubuhi?"