Hewa Chini ya Ngozi

Soko huria liliiletea Bariadi wanunuzi binafsi wa pamba, nguo za mitumba na, mwaka uliofuata, Daktari Constantine. Alifungua kliniki karibu na stendi akiwa na elimu ya ng'ambo na imani isiyo na kipimo juu ya bamba la magnesiamu. Bamba hilo hushika mfupa uliovunjika, kisha huliwa na maji ya chumvi ya mwilini hadi liishe, hivyo mgonjwa hapasuliwi tena kulitoa. Alilifunga kwenye muundi wa Jilala, kibarua wa kiwanda cha pamba aliyeangukiwa na robota, akamruhusu arudi kwao Sapiwi. Hakueleza kwamba chuma hicho kikiliwa hutoa gesi.

Wiki ya tatu mguu ulivimba. Zengo, kaka yake Jilala, aliubonyeza. Chini ya ngozi kukasikika mlio kama wa karatasi inayokunjwa. Wafugaji wa Sapiwi wanaujua mlio huo. Ni chambavu, maradhi yanayojaza hewa kwenye paja la ng'ombe na kumuua upesi. Zengo hakungoja. Alichana uvimbe kwa kisu, akapaka jivu.

Jilala aliporudishwa kliniki, mguu ulikuwa mweusi hadi gotini.

"Mwangaluka," daktari alisema. Salamu hiyo ya Kisukuma alijifunza kwa ajili ya wateja. Zengo aliufunua mguu.

"Nani alimchana?"

"Mimi. Ulikuwa na hewa."

"Hewa ile ningeitoa kwa sindano. Huyu si ndama wako."

"Ndama wangu nisingemleta kwako. Ulijua hewa itakuja?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

"Mngelikataa bamba."

"Ndiyo, tungelikataa."

Jilala, aliyelazwa mezani, aliwakatiza. "Daktari, chuma cha kawaida ulikuwa nacho?"

"Nilikuwa nacho."

"Na sasa?"

"Sasa nakata, juu ya goti. Leo hii, la sivyo sumu itapanda."

"Tunampeleka Mwanza," Zengo alisema.

"Hatafika."

Zengo alimtazama mdogo wake.

"Kata," Jilala alisema. "Ila kaka asitoke. Aushike mguu mpaka uachane na mimi. Na wewe, daktari, ukautupe mwenyewe, upitie pale wanapokungoja wagonjwa wako."

"Taratibu haziruhusu ndugu kuingia."

"Ziliruhusu kuninyima habari."

Daktari alifungua mlango wa chumba cha upasuaji, akauacha wazi. Zengo alivua koti, akaenda kunawa.