Msichana Aliyejua Jina Lake

Mwalimu Celestine Makhanu ndiye aliyemfundisha Wangu kutaja jina lake, na alimfundisha kwa kompyuta. Wangu akibonyeza picha ya msichana, sauti ya mwalimu ilimwuliza, "Jina lako nani?" Akijibu sawasawa, mwalimu alibonyeza picha nyingine na makofi yakalia. Wangu alikuwa na miaka kumi na sita, mzito wa kushika mambo, na somo hilo lilimchukua mwaka mzima. Alipolishika, hakuna aliyeweza kumnyamazisha.

Asubuhi moja ya Januari 2008, makabila yakiwa yamegeukiana baada ya uchaguzi, moshi ulitanda juu ya mtaa wa Rhonda. Wazazi walikuja mbio shuleni kuchukua watoto wao. Akabaki Wangu, kwa kuwa baba yake, Kinyanjui, alikwama upande wa pili wa mji. Celestine akafunga darasa kwa komeo. Vijana watatu wakauvunja mlango kwa mawe, wakaingia na mapanga.

"Mathe, wewe ni wa wapi?" akauliza wa mbele.

"Bungoma."

"Na huyu?"

"Binti yangu, Nekesa. Hajui kuongea. Mwacheni."

Kijana akamwinamia Wangu, akamwuliza polepole, "Jina lako nani?"

Celestine alimkanyaga Wangu mguu ili anyamaze, maana jina lake lingetaja kabila lake. Wangu akauondoa, akasimama wima kama alivyozoezwa. "Naitwa Wangu Kinyanjui. Nakaa Rhonda." Akatabasamu, akingoja makofi.

Panga lilipoinuka, Celestine alilikinga kwa mkono wake. Vidole viwili vikadondoka sakafuni. Uchungu haukuja, ilikuja hasira. Akaikumbatia ile skrini nzito ya kompyuta, akaing'oa pamoja na nyaya zake, akamsukumia kijana kifuani kwa nguvu zote. Kijana akaenda chali, kisogo kikagonga pembe ya dawati. Hakuinuka. Wenzake wakamburuta nje kwa miguu, damu ikichora njia hadi mlangoni.

Kesho yake Kinyanjui, akiwa na Wangu, alimkuta Celestine hospitalini, mkono umefungwa bandeji. Akamshukuru.

"Yule kijana aliamka?" Celestine akauliza.

"Amekufa. Wanasema alikuwa fundi wa baiskeli pale Kaptembwo."

Celestine akamgeukia.

"Alikuwa na miaka mingapi?"

Kinyanjui hakujua, wala hakutaka kujua. Akavuta kiti, akakaa naye hadi jioni.