Mikorosho Yenye Majina ya Mama Zetu

Ladislaus aliingia Mnyambe na gari lililojaa makreti ya soda, nikajua tumeshauzwa. Mtu mwenye maduka yake mjini, Mkomaindo, hapandi huku juu kutunywesha bure. Waliotuhamishia kijiji hiki cha ujamaa mwaka wa sabini na nne nao walianza na maneno matamu. Mimi shule niliiacha darasa la nne, lakini kusahau sikufundishwa.

Alitaka mkutano mkuu wa kijiji umridhie auze shamba la mikorosho la mjomba wake, marehemu Barnaba. Kurithi kwa mjomba si kosa, ndivyo tunavyorithi sisi. Ila mnunuzi alikuwa mtu wa mbali, na neno lake la kwanza lilikuwa seng'enge.

Ndani ya shamba lile aliishi Veridiana, Mama Godwin. Alivuka mto Ruvuma akiwa mjane, Godwin mgongoni, na Barnaba akamwazima mahali. Masharti yalikuwa ya siku zote: lima mihogo, lima mbaazi, usipande mti. Huku kwetu ukipanda mkorosho kwenye ardhi ya mtu, umeshasema ni yako. Basi Mama Godwin hakupanda hata mpapai. Mwembe ulipojiotea nyuma ya choo chake aliung'oa, asije akashukiwa. Godwin akakua, akaota ndevu, kwenye nyumba isiyo na kivuli. Shamba likiuzwa, wao watoke.

Nilidai mkutano ufanyike shambani kwenyewe. Khanga hainunuliwi ikiwa imekunjwa. Alfani, mwenyekiti wetu kijana, akakubali.

"Wazee shikamooni," Alfani alianza. "Ajenda ni moja. Karibu, Ladislaus."

"Mimi na Mama Godwin hatuna ugomvi," Ladislaus alisema, funguo za gari zikimchezea kidoleni. "Anionyeshe mti mmoja tu aliopanda yeye. Mmoja! Nitamwachia shamba lote."

Mama Godwin akatazama vidole vya miguu yake. "Sina, baba."

"Mmesikia wenyewe."

"Tumesikia," nikasema. "Na wewe tuonyeshe mmoja wa mjomba wako."

"Baba Rahima! Si hii yote? Macho yamekufa?"

"Barnaba alikuwa meneja wa shamba la kijiji. Meneja wa ujamaa ulimwona wapi na jembe? Alikuwa na filimbi!"

Watu wakacheka. Bibi Mwanne, mkubwa kuliko sisi sote, akainuka na fimbo yake. "Akiipuliza, sisi tunainama," alisema. Akaingia katikati ya mikorosho, akapapasa mashina kama anayesalimia, akasimama. "Huu mstari ni wangu. Mashimo niliyachimba nikiwa na mimba ya mwanangu Twahiru. Nani anabisha?"

Kila nyumba iliyoletwa hapa ilipanda mstari wake, na mstari ukaitwa kwa jina la mama, maana nyumba ni ya mama. Shamba la kijiji lilipokufa, Barnaba alisema ataliangalia kwa muda. Muda ule ukaota mizizi.

Basi tukaanza kuinuka, mmoja huku, mwingine kule. Vijana ambao sikudhani wanajua lolote wakaenda moja kwa moja walikoelekezwa na bibi zao. Mimi nikasimama kwenye mstari wa mama yangu, chini ya matawi ambayo mbegu zake nilizibeba kwenye kikapu nikiwa mtoto. Nilitamani kuimba. Shamba zima lilijaa watu, mistari imenyooka.

Ladislaus akapiga makofi taratibu. "Hongereni. Gawaneni basi! Mnunuzi atapita mstari kwa mstari. Mwenye msiba atauza. Mwenye mtoto wa sekondari atauza. Mimi sina haraka."

Hasira ilinipanda mpaka masikioni, kwa sababu alisema kweli. Niliona mtu mmoja au wawili wameshaanza kuitazama mistari yao kwa jicho la sokoni.

"Mama Godwin," Bibi Mwanne aliita, "mbona umesimama njiani kama mpita njia?"

"Mimi sina mstari, bibi."

"Mwaka ugonjwa wa ubwiriunga ulipoua maua, nani aliipulizia dawa ya salfa mikorosho hii?"

"Mimi na Godwin."

"Na sisi tulikuwa wapi?"



Bibi Mwanne akatoka kwenye mstari wake, akaenda kusimama njiani kando ya mjane. "Mimi nikifa, huu ataurithi mjukuu wangu aliye Dar. Atauuza kabla ya arobaini yangu, namjua. Bora usiwe wangu. Jina libaki kwenye mti. Ardhi iwe ya kijiji, asiiuze mtu, hata sisi wenyewe tusiiuze. Anayeutunza mti ndiye avune, fungu liende kwenye mfuko wa maji wa kijiji."

Miaka yote nilikuwa nikipigania mstari wa mama yangu urudi. Nilikuwa nimeupata kwa muda wa soda moja tu. Nikauacha. Haikuwa rahisi, siwadanganyi, lakini nyuma yangu nikasikia majani makavu yakikanyagwa, wengine wanakuja. Njia ile nyembamba ikajaa. Alfani alipoitisha mikono hakuhangaika kuhesabu.

"Mama Godwin haondoki," alisema. "Na shamba haliuzwi."

Ladislaus alikuwa amebaki peke yake kati ya miti. "Hata mama yako ana mstari," nikamwambia. "Huo huo uliposimama, wenye mashina yaliyopinda. Njoo upalilie, utavuna kama sisi."

Aliyatazama yale mashina, funguo zimetulia mkononi. Kisha akaondoka bila kuaga. Soda tulizinywa. Wengine wanasema ilikuwa aibu. Mimi nilikunywa mbili.

Mvua za kwanza ziliponyesha, tulileta miche ya kuziba mapengo ya mikorosho iliyokufa. Mche wa kwanza tulimpa Mama Godwin. Alichimba shimo vizuri, akapiga magoti, halafu akasita, mche mkononi, kama anayengoja mtu amkemee.

"Baba Rahima, na huu utaitwaje?"

"Mama yako aliitwa nani?"

"Atanazia."

"Hawajasikia huko nyuma."

Akausimika mche, akaushindilia udongo kwa viganja vyote viwili. Kisha akainua kichwa akaliita jina la mama yake kwa nguvu, kama anayemwita mtu aliye ng'ambo ya bonde.